Weka rula chini: kidole cha pete hakipimi nguvu za kiume

Wiki iliyopita aliingia baba mmoja wa miaka 40 na ushei, mkanda umesukumwa chini ya kitambi, mkononi ana chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyobaki robo. Kabla sijamuuliza kilichomleta, alitandaza kiganja mezani. "Daktari, angalia mwenyewe. Cha pete kimekizidi cha shahada. Sasa kwa nini hakisimami?"

Viganja vya aina hiyo nimewekewa mezani hadi nimechoka. Wengine hunijia na kilio cha upande wa pili: cha shahada ndicho kirefu, basi wamejihukumu kuwa si wanaume kamili, na usiku hofu hiyo peke yake inatosha kuwaangusha.

Imani hii, kwamba cha pete kikizidi cha shahada basi nguvu za kiume zipo, inanikera kuliko zote kwa sababu ina punje ya sayansi ndani yake. Mwaka 1998, John Manning na wenzake huko Uingereza walipima vidole vya watu waliohudhuria kliniki ya uzazi. Wanaume ambao cha shahada kilikuwa kifupi kulinganisha na cha pete walielekea kuwa na mbegu nyingi zaidi na testosteroni (homoni ya kiume) ya juu zaidi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba homoni anayoipata mtoto katika miezi ya mwanzo ya mimba huacha alama kwenye vidole. Tumboni, jamani! Wewe una miaka 45, presha unayo, pakiti ya sigara iko mfukoni, halafu unaniletea habari za kabla hujazaliwa. Tena mwaka 2007 tafiti za namna hiyo zilikusanywa zikachambuliwa pamoja, na uhusiano kati ya vidole na testosteroni iliyomo kwenye damu ya mtu mzima haukuonekana.

Mwaka 2011 ikaja ile ya Korea Kusini, ambayo ndiyo inayozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Walipimwa wanaume 144 waliokuwa wanafanyiwa upasuaji wa mfumo wa mkojo, wakiwa wamelala kwa dawa ya usingizi. Uwiano mdogo wa vidole (urefu wa cha shahada ukigawanywa kwa wa cha pete) ulikwenda na uume mrefu kidogo ukivutwa. Urefu! Kusimama hakukupimwa, na ukimtazama mtu aliyepigwa sindano ya usingizi utaelewa kwa nini.

Sasa chukua rula. Cha shahada milimita 72, cha pete 75: uwiano ni 0.96. Ukikosea milimita moja tu, ukasoma 73, umefika 0.97. Wastani wa wanaume na ule wa wanawake umepishana kwa kiasi kama hicho, 0.01 hadi 0.02. Na wengi hupima upande wa nyuma wa mkono, pamoja na kucha, wakati watafiti hupima upande wa kiganja, kuanzia mkunjo wa chini ya kidole hadi ncha ya nyama. Kuna pia watu wenye kromosomu XY, yaani za kiume, ambao miili yao haiisikii testosteroni hata kidogo. Kama kidole kingekuwa kipimo, vyao vingefanana. Vilipopimwa, vilitofautiana karibu kama vya watu wengine wote.

Ukitaka kupima kitu, azima tepu ya fundi cherehani uizungushe kiunoni, usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani (nitajua). Ukivuka sentimita 94 tuna mazungumzo. Ukivuka 102, tuyafanye wiki hii. Kusimama ni kazi ya damu na mishipa. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo sukari, presha na sigara vikianza kuiharibu, chini ndiko kunakogoma kwanza. Moyo unaweza kufuata miaka michache baadaye.

"Basi nichome sindano ya testosteroni." Bila kipimo cha damu, asubuhi, mara mbili? Hapana. Na kama unatafuta mtoto, sindano hiyo itazimisha kiwanda chako cha mbegu.

"Ni punyeto za ujanani." Hazikumaliza kitu. Hofu uliyoibeba tangu ujana, hiyo ndiyo inaweza kukusumbua.

"Ni ngiri." Ngiri inatibiwa kwa upasuaji, lakini usiifanye gunia la kutupia kila kitu.

Supu ya pweza? Kunywa, ni tamu, nami huinywa. Mishipa iliyoziba haitaifungua.

Kuhusu unga na vidonge vya "mitishamba" vya mtaani: vingi vilivyopimwa duniani vimekutwa na sildenafili, dawa ileile ya Viagra, iliyofichwa. Kama unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo unaweza kukuua.

Tumrudie baba wa kiganja. Nilimuuliza anaamka mara ngapi usiku kukojoa. Nne, wakati mwingine tano. Chai amekunywa? Hapana, tangu jana jioni ni maji tu. Nikamwomba kidole kilekile cha pete, nikakipangusa kwa spiriti, nikakichoma.

Mashine ya sukari ilisoma 17.2. Juu mno.