Uzalendo ukikushinda, umeshindwa nini hasa?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nakunywa supu ya kongoro kwa mama ntilie mmoja karibu na ninapofanyia kazi. Mzee aliyekaa benchi la mbele yangu alikuwa na chai ya rangi na chapati kavu. Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba ana gauti na daktari kamkataza nyama nyekundu. Nikakamulia ndimu kwenye bakuli langu. Mzee akatazama pembeni. Nikaongeza pilipili. Akavumilia kama dakika tano hivi, kisha akamgeukia mama: "Mama, hebu nitilie na mimi nusu. Uzalendo umenishinda."

Kila aliyekuwa pale alimwelewa. Mimi nikatoa simu, nikaiandika ile sentensi kama ilivyotamkwa, kwa sababu kazi yangu ni kuandika fafanuzi za maneno ya kamusi na siku hizo nilikuwa nimekwama kwenye neno hilo hilo. Rasimu yangu ilisema: *uzalendo, hali ya mtu kuipenda nchi yake na kuwa tayari kuifia*. Haina kosa. Ila jaribu kuipachika kwenye maneno ya yule mzee uone. Hakuna nchi iliyopendwa pale wala aliyekaribia kufa, labda gauti ikizidi.

Tuanze na sarufi, maana ndiko wengi wanakojikwaa. Vijana kadhaa ninaofanya nao kazi waliutafsiri msemo huu kana kwamba mapenzi ya nchi yamemzidi mtu nguvu, yakambeba. Sivyo. Tunasema *shule ilimshinda*, *ndoa imemshinda*, *kazi ya udereva imemshinda*. Kinachoshinda katika miundo hiyo ni mzigo, na mtu ndiye aliyeshindwa kuubeba. Uzalendo ukikushinda, basi, ni kwamba ulikuwa na jambo la kujizuia nalo, ukajizuia mpaka ulipofika mwisho wako. Mtaa umeuweka uzalendo kundi moja na shule na ndoa, katika mambo yanayotaka subira na ambayo mtu anaweza kufeli bila kuvuliwa uraia.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mzalendo anatoka kwenye kitenzi *zaa*, pamoja na mzaliwa na mzalia. Na huyo *mzalia* ana historia chungu. Katika pwani yetu ya karne ya 19, Unguja na Mrima (pwani ya bara inayotazamana na Unguja), mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa *mjinga*: hajui lugha, hajui mji, hajui desturi. Aliyezaliwa hapa hapa pwani na wazazi watumwa aliitwa *mzalia*. Bado alikuwa mtumwa, lakini alikuwa na ulimi wa watu na mji wa kuutaja. Tofauti kati ya mjinga na mzalia ilikuwa kuzaliwa mahali, basi. Ndiyo maana methali *mkataa kwao ni mtumwa* mimi huisoma kwa uzito kuliko wanaoibandika kwenye fulana. Walioitunga waliwajua watumwa kwa sura, na walijua kwamba kitu cha kwanza alichonyang'anywa mtumwa ni kwao.

Kwa hiyo katika shina lake neno linauliza swali dogo tu: umezaliwa wapi? Halikudai mapenzi. *Mwananchi* nalo ni hivyo hivyo, mwana wa nchi, na mwana habaki kuwa mwana kwa sababu ya tabia nzuri.

Basi kuzaliwa kuligeukaje kuwa kazi? Kwa upande wa Tanzania mimi huelekeza kidole kwenye tarehe 22 Oktoba 1966. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa limeanzishwa mwaka 1963 kwa kujitolea, na sasa serikali ilitaka wasomi walitumikie kwa lazima, miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kama kilivyokuwa wakati huo, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, wakaandamana hadi Ikulu. Bango moja lilidai afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawaka. Aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na katika hasira hiyo hiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, wakubwa wengine wa serikali wakafuata. Miezi mitatu na ushee baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Wengi wa wale vijana walirudishwa chuoni baada ya muda.

Kwa msemo wa leo tungesema uzalendo uliwashinda. Ninachokitazama zaidi mimi ni ile asilimia 20. Siku ile uzalendo ulipewa kipimo, na kipimo chenyewe ni unachokubali kupungukiwa. Tena aliyewapimia wengine alianza na mfuko wake. Wanaosimulia kisa hiki majukwaani siku hizi hukumbuka sana wanafunzi waliofukuzwa, wakaruka mshahara uliokatwa.

Kisha ikaja vita ya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wakati wa vita watu walitoa vijana, magari, ng'ombe na mazao. Kutoa wakati adui yuko ndani si kugumu kueleweka. Kugumu ni baada ya hapo, pale taifa lilipoambiwa lifunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikaisha, mkanda ukabaki pale pale. Mama yangu alifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Alipanga foleni ya sukari bila kujua kama ni sukari kweli, maana kipindi kile ukiona foleni unaingia kwanza, kuuliza baadaye. Nikimuuliza uzalendo ni nini hanitajii bendera. Ananitajia zile foleni, na jirani mmoja aliyekuwa na sabuni chini ya kitanda na akajifanya hana.

Nadhani utani wetu ulipata udongo wake humo. Neno lilihubiriwa redioni na kwenye mikutano likiwa na maana ya vumilia, usilalamike, ngoja. Watu wakalichukua kwa maana waliyoiishi: kuvumilia. Wakalipeleka kwenye supu, kwenye muziki unaokuinua kitini msibani, kwenye kilio cha bwana harusi.

Majirani wamelipeleka kwingine. Kenya, tangu mwaka 2005, Mzalendo ni jina la tovuti inayofuatilia wabunge wanasema nini na wanafanya nini bungeni. Mzalendo wa namna hiyo anauliza maswali. Huku kwetu Mzalendo lilikuwa gazeti la Jumapili la chama tangu 1972. Ukivuka hadi Kivu, Kongo, *Wazalendo* ni makundi ya wenye bunduki wanaopigana na waasi wa M23 upande wa jeshi la serikali. Mkaaji wa Goma akisikia neno hilo huona kwanza mtu mwenye silaha, na kama ni mlinzi au ni tishio itategemea amekutana naye wapi na saa ngapi, kwa sababu baadhi yao wamelaumiwa kwa kuwatesa raia wale wale. Lugha ni moja, neno ni moja, na mimi ninapaswa kuwaandikia wote kamusi moja.

Kuna matumizi ambayo yananikera, niseme wazi. Ni pale mtu akilalamikia barabara au dawa kukosekana hospitali, anajibiwa "wewe si mzalendo." Kilugha hayo ni makosa juu ya makosa. Kwa maana ya shina, kuzaliwa hakufutwi na lalamiko. Kwa maana ya mtaani, anayelalamika huenda ndiye aliyevumilia kuliko wote. Halafu mara nyingi anayetoa hukumu ni mtu ambaye hatujawahi kumwona akipungukiwa chochote.

Kidahizo changu, yaani neno hili kama litakavyoingia kwenye kamusi, sasa kina maana tatu. Ya kwanza, kuwa mzaliwa wa nchi, nimeitia alama ya *kale*. Ya pili ni kupenda nchi na kujitoa kwa ajili yake. Ya tatu, *uwezo wa kujizuia au kustahimili*, na mfano wake ni sentensi ya mzee, nikiacha jina la kibanda. Mhariri mwenzangu anataka hiyo ya tatu iandikwe *mzaha*. Nimekataa. Kama ni mzaha, namwambia, nenda kamwulize mama yangu habari za mpapai. Tumekubaliana tuipeleke kikao cha Alhamisi.