Kwa nini Mmarekani wa Peace Corps hapandi bodaboda?

Basi limemshusha njia panda saa saba mchana. Kijiji kiko kilomita 12 ndani. Vijana wa bodaboda wamemzunguka: "Twende mwalimu, elfu tatu tu." Mwalimu wa Kimarekani anawasalimia mmoja mmoja, anauliza habari za nyumbani, anataniana nao kwa Kiswahili kilichonyooka, kisha anajitwika begi lake na kuanza kutembea. Wanaobaki nyuma wanagawanyika. Wapo wanaosema jamaa ni bahili, na wapo wanaosema Wazungu wanapenda mazoezi. (Na si lazima awe Mzungu, wapo Wamarekani weusi na wenye asili ya Asia wanaofanya hivyo hivyo, ila kijijini wote huishia kuitwa Wazungu.)

Jawabu ni fupi: amekatazwa. Katika Peace Corps, wakala wa serikali ya Marekani unaopeleka watu wa kujitolea nchi za nje kwa miaka miwili miwili, kupanda pikipiki ni kosa linaloweza kumkatizia mtu utumishi na kumrudisha kwao, awe dereva au abiria. Marufuku hiyo inajulikana Tanzania, Uganda na kwingineko ambako bodaboda ndiyo usafiri wa kila mtu. Chuki dhidi ya madereva wetu haimo. Kilichomo ni hesabu ya vifo.

Rais John F. Kennedy alisaini amri ya kuanzisha Peace Corps tarehe 1 Machi 1961. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea watu wake, sambamba na Ghana, na walifika mwaka huohuo kabla hata bendera ya uhuru haijapandishwa Desemba. Kundi hilo la Tanganyika halikuwa la walimu. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia, wamekuja kusaidia ujenzi wa barabara. Barabara, kama ilivyokuja kuonekana, ndiyo ingewaua wenzao kuliko simba, nyoka na malaria.

Katika miongo ile ya mwanzo pikipiki ilikuwa kitendea kazi cha kawaida. Bwana shamba au mtu wa afya mwenye vijiji vingi vya kuzungukia alipanda pikipiki, mara nyingine ya mradi wenyewe. Mwaka 1985 jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa vifo vyote vya watu wa Peace Corps kuanzia 1962 hadi 1983. Vilikuwa 185. Vifo vingi vilitokana na ajali za aina mbalimbali, na ndani ya ajali hizo vyombo vya moto viliongoza, pikipiki zikiwa na sehemu kubwa. Magonjwa ya nchi za joto, yale ambayo wazazi Marekani walikuwa wakiyakosea usingizi, yalikuwa nyuma kabisa ukilinganisha. Shirika likaanza kubana pikipiki, na vifo katika miaka 20 iliyofuata vikapungua.

Ukifikiria, sababu zenyewe hazihitaji daktari. Abiria wa bodaboda mara nyingi hana helmeti, na akipewa ni ile iliyokwishavaliwa na watu kumi, mkanda umekatika, inacheza kichwani. Barabara ni ya vumbi, ina mashimo, mbuzi na ng'ombe wana haki sawa na magari. Mkianguka, mguu unavunjika au damu inavuja ndani kwa ndani, na hospitali yenye daktari wa upasuaji iko saa tatu au nne mbali. Peace Corps ina wahudumu wake wa tiba katika kila nchi, na mgonjwa mahututi inaweza kumsafirisha kwa ndege hadi Afrika Kusini au Marekani kwenyewe. Ndege hiyo haitui shambani kwenye saa ya kwanza, na saa ya kwanza ndiyo inayoamua.

Kwa nini basi wasimwachie mtu mzima aamue mwenyewe? Kwa sababu kila mtu anaamini dereva wake ni mwangalifu. Kanuni ya "panda inapobidi" ingemaanisha kupanda kila siku, maana kijijini inabidi kila siku. Lipo pia la kisiasa: hili ni shirika la serikali, linalishwa na Bunge la Marekani, na kila kifo kina mzazi anayeweza kumpigia simu mbunge wake.

Hata hivyo marufuku hii haikuwa sare duniani kote. Benin na Togo, ambako pikipiki za abiria ziitwazo zemidjan ndizo zilizokuwa usafiri wa karibu kila mahali, watu wa Peace Corps waliruhusiwa kuzipanda, ila kila mmoja alipewa helmeti yake na kutakiwa kuivaa kila safari. Shirika la Uingereza la watu wa kujitolea, VSO, lililoanzishwa mwaka 1958, nalo kwa miaka mingi lilikuwa likiwafunza watu wake kuendesha pikipiki kabla ya kuwatuma vijijini. Mimi naona njia hiyo ya kumfunza mtu ina heshima zaidi kwa kazi yenyewe, kwa sababu mtu wa afya asiyefika vijiji vitano hana kazi. Lakini inataka pesa na usimamizi, na marufuku ni rahisi zaidi kuisimamia.

Barabara ni upande mmoja. Upande mwingine ni swali linaloonekana la kitoto: huyu mtu yuko wapi leo?

Mwaka 2001 kijana mmoja wa Peace Corps alitoweka nchini Bolivia. Alikuwa akifanya kazi ya kuendeleza utalii katika bonde lililo karibu na jiji la La Paz. Kilichowashtua watu si kutoweka tu. Ofisi ilikuwa haijajua kwamba hayupo, mpaka wazazi wake huko Marekani, baada ya kukaa muda bila kusikia sauti yake, walipoanza kuuliza. Wakaguzi wa Bunge la Marekani walipochunguza waliona kasoro pande zote mbili: kijana hakuwa akitoa taarifa za mahali alipo kama ilivyotakiwa, na msimamizi wake hakuwa akifuatilia. Hakupatikana hadi leo. Miaka michache iliyofuata shirika liliunda idara maalumu ya usalama na kuweka afisa wa usalama katika kila nchi, na kwa kawaida afisa huyo ni mwenyeji wa nchi hiyo, mtu anayejua nani wa kumpigia simu polisi na wilayani.

Ndiyo maana ukiishi jirani na mmoja wao utaona mambo yanayofanana na ya mtoto wa bweni. Akitaka kulala nje ya kituo chake, anatuma ujumbe: naenda wapi, nitalala kwa nani, nitarudi lini. Mara tu anapohamia kijijini anajaza fomu yenye ramani aliyoichora kwa mkono: shuka kwenye mwembe mkubwa, pita kisima, nyumba ya tatu yenye bati jipya. Ramani hiyo inakaa ofisini ikisubiri siku ambayo simu hazitapatikana na dereva asiyejua kijiji itabidi amfuate usiku. Nyumba nayo hukaguliwa kabla hajahamia: mlango wa mbao ngumu, komeo la ndani, nondo madirishani, choo kisicho mbali. Shule au kijiji kilichoomba mwalimu ndicho kinachotafuta nyumba hiyo, na ikikosa nondo mgeni haji.

Jambo moja halitakuwepo hata ukilitafuta: ukuta mrefu na mlinzi mwenye bunduki. Watu wa usalama katika mashirika ya misaada huzungumzia njia tatu za kumlinda mtu. Unaweza kumzungushia kinga: kuta, mageti, magari ya vioo vizito. Unaweza kumtisha adui kwa askari. Au unaweza kuhakikisha watu wanaomzunguka wanamkubali kiasi kwamba wao wenyewe hawatataka adhurike. Wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa kwenye nchi zenye vita hutegemea sana mbili za kwanza. Mtu wa kujitolea anaishi kwa posho ndogo, hana gari wala geti. Amebakiwa na ya tatu.

Hapo ndipo Kiswahili kinapogeuka kuwa kifaa cha usalama. Wiki za kwanza nchini mgeni hukaa na familia, anakula wanachokula, anajifunza "shikamoo" apewe nani na "hodi" ipigwe wapi. Akifika kituoni hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji, anasaini kitabu cha wageni, anatambulishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa majirani. Kwa jicho la ofisini ni taratibu za kiutawala. Kwa jicho la kijijini, kuanzia siku hiyo ni mgeni wetu, na akiibiwa, aibu ni yetu. Mama jirani anayeuza maandazi anajua saa anazoamka. Dirisha likikaa limefungwa hadi saa tatu asubuhi siku isiyo ya safari, mtu atakwenda kubisha hodi. Hakuna kampuni ya ulinzi inayouza huduma hiyo.

Ina mipaka yake. Mtu anayejulikana na kijiji kizima hajulikani na yeyote akishuka stendi ya mkoa na simu mkononi. Wizi wa namna hiyo, wa simu na pochi, ndio unaowapata zaidi, kama unavyotupata sote.

Mpaka ulio mbaya zaidi ulionekana Benin mwaka 2009. Kate Puzey, mwalimu wa kujitolea mwenye umri wa miaka 24, aliripoti ofisini kwamba mwalimu mwingine aliyekuwa na mkataba na Peace Corps alikuwa akiwanyanyasa wanafunzi wa kike. Aliomba jina lake lisitajwe. Siri haikutunzwa. Machi mwaka huo aliuawa usiku akiwa amelala barazani kwake. Familia yake, pamoja na wanawake waliobakwa wakiwa kazini katika nchi mbalimbali na kusema walipuuzwa na shirika, walipaza sauti hadi Bunge likatunga sheria yenye jina lake, ambayo Rais Barack Obama aliisaini Novemba 2011. Sheria hiyo ililazimisha mafunzo kuhusu ukatili wa kingono, ikaweka mtetezi wa waathirika, na ikataka siri ya anayetoa taarifa ilindwe. Wanaosimamia usalama walikuwa wamezoea kutazama nje, kwa mwizi na mgeni asiyejulikana. Kate alikuwa amekubalika kijijini kwake, na kukubalika huko hakukumsaidia kitu pale taarifa ilipovuja kutoka ndani ya shirika lenyewe.

Yakizidi kuharibika, kuna mpango wenye hatua. Kwanza ni kukaa chonjo. Kisha usiondoke ulipo. Kisha kusanyikeni mahali palipopangwa kabla. Mwisho, ondokeni nchini. Kenya inazijua hatua hizo: vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilisababisha programu kusimamishwa kwa muda mwanzoni mwa 2008, na Julai 2014 ilisimama tena kwa sababu za usalama. Lakini tukio kubwa kuliko yote halikuwa na risasi hata moja. Tarehe 15 Machi 2020, kwa sababu ya korona, Peace Corps iliagiza watu wake wote, karibu 7,000 katika nchi zaidi ya 60, warudi Marekani. Haijawahi kutokea kabla ya hapo. Wengi walipata siku chache tu za kufunga mizigo, wengine hawakuaga darasa. Waliotangulia kurudi kazini baadaye walikwenda Zambia na Jamhuri ya Dominika, Machi 2022.

Shule za Tanzania zenyewe zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, kisha zote zikawa zimefunguliwa ifikapo 29 Juni. Wanafunzi waliporudi, walimu wa hisabati na sayansi wa Peace Corps walikuwa kwao. Sizungumzi kwa lawama; serikali yoyote ingewarudisha watoto wake. Ila mpango wa usalama unaomhusu mgeni peke yake unaacha nje watu anaofanya nao kazi. Mwalimu mwenzake, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mkalimani: hao hukimbizana na shughuli zilezile za mradi uleule wakiwa mishkaki, watatu kwenye pikipiki moja, bila helmeti wala bima, kwenye barabara ileile ambayo Mmarekani amekatazwa kuipita kwa bodaboda.

VSO siku hizi hutumia pia watu wa kujitolea ambao ni raia wa nchi husika, wakifanya kazi pamoja na wageni. Kwa hiyo swali limehama kutoka vijiweni na kuingia kwenye mikataba: helmeti ni ya nani, bima ni ya nani, na ikitokea ajali, nani anapelekwa hospitali gani. Ukialikwa kufanya kazi na mradi wa namna hiyo, yaulize hayo kabla ya kusaini.