Virusi vya barua pepe na antivairasi bandia: yanayosemwa na yalivyo

Kompyuta ya nyumbani haina mtu wa IT. Ina baba anayesoma barua za benki, watoto wanaotafuta gemu za bure, na shemeji anayejua mambo ya kompyuta kidogo kuliko anavyodai. Elimu ya usalama hupita kwa mdomo kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na sehemu kubwa yake ilikuwa kweli miaka ishirini iliyopita au haikuwahi kuwa kweli. Hizi hapa ni imani ninazozisikia mara nyingi. Karibu zote zinasahau jambo moja: mhalifu hana haja ya kuvunja mlango akiweza kukutisha au kukufurahisha hadi umfungulie mwenyewe.

“Barua imetoka kwa mtu ninayemjua, haina shida”

Hii ndiyo imani iliyowanufaisha waandishi wa virusi kuliko zote. Machi 26, 1999, kirusi cha Melissa kilianza kusambaa ndani ya hati ya Word. Ukiifungua hati hiyo na makro zake (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya hati) zikafanya kazi, ilijituma kwa watu 50 wa mwanzo katika orodha yako ya anwani za Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, kwa jina lako, ikiwa na kichwa kinachosema kuwa ni ujumbe muhimu kutoka kwako. Waliopokea hawakuona barua ya mgeni. Waliona ya bosi, ya mwenzao wa kazini, ya binamu.

Mwaka uliofuata, Mei 4, 2000, kikatokea ILOVEYOU kutoka Manila, Ufilipino. Hicho hakikuishia kwa watu 50. Kilijituma kwa kila anwani kiliyoikuta, kikaziharibu picha za watu kwa kuweka nakala zake mahali pake, na Bunge la Uingereza likalazimika kuzima barua pepe zake. Aliyekiandika, Onel de Guzman, hakufungwa, kwa kuwa Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria ya kosa hilo. (Tusiwacheke. Tanzania ilipata Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, Kenya ikapata yake 2018.)

Ujanja umekomaa tangu hapo. Emotet, programu hasidi iliyoanza kuonekana 2014, ilikuja kujifunza kuiba barua zilizomo katika sanduku la aliyeambukizwa na kuzijibu. Unapata jibu la barua uliyoiandika wewe mwezi jana, maneno yako yapo pale chini, na juu yake kuna mstari mmoja tu unaokuomba uangalie faili. Polisi wa nchi kadhaa waliuvunja mtandao wa kompyuta za Emotet Januari 2021. Novemba ya mwaka huohuo ukarudi.

Kwa hiyo jina la mtumaji lisikutoshe. Kama hukuwa unalisubiri faili hilo, mpigie simu au muulize kwa WhatsApp. Usimuulize kwa kujibu barua ileile, maana anayekujibu anaweza asiwe yeye.

“Watu wanalalamika nimewatumia kirusi, basi kompyuta yangu imeingiliwa”

Inawezekana, lakini si lazima. Jina lililo kwenye sehemu ya mtumaji ni maandishi tu, na yeyote anaweza kuandika atakalo, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina lako nyuma ya bahasha. Klez, kirusi kilichotapakaa 2002, kiliishi kwa mchezo huo: kikiingia kwenye kompyuta ya Asha, kilichukua anwani ya Juma humo ndani na kumwandikia Rehema kwa jina la Juma. Rehema akamgombeza Juma, ambaye kompyuta yake ni safi kabisa, na Asha mwenye ugonjwa hakuambiwa kitu.

Ukisikia malalamiko ya aina hiyo, fungua folda ya barua ulizotuma. Ukikuta humo barua usizozijua, akaunti yako imeingiliwa: badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, na uangalie kama kuna mtu ameweka kanuni ya kuelekeza barua zako kwingine. Hatua hiyo ya mwisho wengi huisahau, na mwizi huendelea kusoma barua zao hata baada ya nywila mpya.

Klez alikuwa na kituko kingine ambacho sijachoka kukisimulia. Toleo lake moja lilikuja ndani ya barua inayodai kuwa ni dawa ya bure ya kukinga Klez! Barua ikaongeza kwamba antivairasi yako huenda ikapiga kelele utakapoiendesha dawa hiyo, na kwamba uzipuuze kelele hizo na uendelee. Watu wakazipuuza.

“Kuisoma barua tu kunatosha kuambukizwa”

Kuna wakati ilikuwa kweli. BubbleBoy ya 1999 ilionyesha kuwa kirusi kinaweza kujiendesha barua ikichunguliwa tu kwenye Outlook Express, na Klez na kirusi kingine, Nimda, vikatumia upenyo wa namna hiyo kwa kompyuta zilizokuwa hazijapokea marekebisho ya Microsoft. Upenyo ule ulizibwa zamani. Leo, kwenye programu iliyosasishwa, kuisoma barua kwa kawaida hakuleti madhara. Hatari huanza unapofungua kiambatisho, unapobofya kiungo, au unapoandika nywila mahali ulikopelekwa.

Viambatisho ndivyo vya kuangalia kwa makini. Faili la ILOVEYOU liliishia na .TXT.vbs, lakini Windows iliificha sehemu ya mwisho, hivyo watu wakaona faili la maandishi lisilo na makosa. Windows bado huficha viishio hivyo hadi leo usipoibadilisha, jambo ambalo sijawahi kulielewa. Fungua File Explorer, nenda kwenye sehemu ya mwonekano, uwashe viishio vya majina ya mafaili. Ankara halisi haiishii na .exe, .vbs, .js wala .iso.

Faili la ZIP lililofungwa kwa nywila, na nywila yenyewe imeandikwa ndani ya barua, lina sababu moja ya kufungwa hivyo: ili kichujio cha barua pepe kishindwe kuchungulia ndani. Hati ya Word inayokusihi ubonyeze kitufe cha kuruhusu makro ndipo uisome, ifunge. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia zenyewe makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, na tangu hapo maelezo ya jinsi ya kukizunguka kizuizi hicho yamekuwa marefu na yenye adabu sana. Urefu huo ni dalili tosha.

“Nimepata onyo, acha niwatumie wote”

Mwaka 2002 ulizunguka ujumbe uliosema kuwa kompyuta yako ina kirusi kinachoitwa jdbgmgr.exe, kwamba kina alama ya dubu mdogo, kwamba antivairasi hazikioni, na kwamba ukifute na kuwaarifu wote ulio nao kwenye orodha. Watu walitafuta, wakakikuta kweli, dubu yupo, wakakifuta kwa mikono yao. Lilikuwa faili halali la Windows. Hapakuwa na kirusi chochote. Kilichokuwa kinasambaa ni ule ujumbe.

“Tovuti imeskani kompyuta yangu na kukuta virusi 37”

Ukurasa wa wavuti hauwezi kuskani diski yako. Kivinjari hakiuruhusu kusoma mafaili yako ovyo, na ule mstari wa kijani unaojaa taratibu huku majina ya mafaili yakipita mbio ni mchoro, kama katuni. Angekuja mtu wa Linux au wa simu, mara nyingi angeonyeshwa “diski C” ileile, ingawa kifaa chake hakina diski ya jina hilo.

Biashara hii ilikuwa na ofisi na mishahara. Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilikwenda mahakamani dhidi ya Innovative Marketing, kampuni iliyoandikishwa Belize na yenye shughuli Kyiv, Ukraine. Bidhaa zake zilikuwa WinFixer, WinAntivirus, DriveCleaner, ErrorSafe na XP Antivirus. FTC ilisema watu zaidi ya milioni moja walinunua, kwa dola 39.95 au zaidi, programu ya kuondoa matatizo ambayo hayakuwapo. Mwaka 2012 mahakama iliamuru mmoja wa wahusika alipe zaidi ya dola milioni 163.

Siku hizi programu yenyewe mara nyingi haipo. Kuna dirisha jekundu linalojaza skrini, sauti inayokemea, na namba ya simu ya “Microsoft”. Kampuni hiyo imeshasema kwamba maonyo yake halisi hayawekwi namba ya simu. Ukipiga, mtu mpole atakuomba umruhusu aingie kwenye kompyuta yako kutoka mbali, atakuonyesha orodha ya makosa ya kawaida ambayo kila Windows inayo, kisha atataja bei.

Usibonyeze chochote ndani ya dirisha hilo, hata alama ya X, kwani nayo inaweza kuwa picha tu. Bonyeza Esc. Ikigoma, Alt na F4. Ikigoma tena, Ctrl, Shift na Esc, chagua kivinjari kwenye orodha, kisha ukifunge kwa nguvu. Ukikifungua upya, kikikuuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, katalia.

Na kama maonyo yanachomoza pembeni ya skrini kila baada ya dakika chache, pengine siku moja ulibonyeza “ruhusu” kwenye tovuti iliyotaka kukutumia arifa. Mafundi wengine huchukua pesa ya kupiga Windows upya kwa tatizo hili. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, na kuifuta tovuti hiyo.

“Mimi sitembelei tovuti chafu”

Septemba 2009 tangazo la antivairasi bandia liliwatokea wasomaji kwenye tovuti ya New York Times. Mnunuzi wa nafasi alikuwa amejifanya kampuni inayojulikana ya simu za intaneti. Februari 2010 ikawa zamu ya Star Tribune, gazeti la Minneapolis. Kundi la wahalifu lilileta tangazo la hoteli, gazeti likalijaribu likaonekana safi, na lilipokwisha kupanda hewani wakabadilisha msimbo wake. Kompyuta za wasomaji zilijaa maonyo hadi walipe dola 49.95. Peteris Sahurovs wa Latvia alihukumiwa miezi 33 kwa shauri hilo mwaka 2018, baada ya kutoroka kwa miaka kadhaa na kukamatwa Poland. Kizuia-matangazo kwenye kivinjari ni kinga halisi kwa hiyo, pamoja na kwamba wenye magazeti hawapendi kulisikia neno hilo.

“Nitaipeleka duka kubwa, hao hawadanganyi”

Kati ya kesi zote hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Office Depot, mtandao mkubwa wa maduka Marekani, ulikuwa ukiwapimia wateja kompyuta bure kwa programu iitwayo PC Health Check. Kabla ya kupima, mteja aliulizwa maswali manne: je, kompyuta ni nzito, imeonyesha maonyo ya virusi, inazimika mara kwa mara, inaleta matangazo? Kwa mujibu wa FTC, ukijibu ndiyo kwa lolote, majibu ya kipimo yalisema kuna dalili za maambukizi, skani yenyewe iwe imekuta kitu au haikukuta. Kisha ukauziwa huduma iliyoweza kufika dola 300. Machi 2019 Office Depot ilikubali kulipa dola milioni 25, na mshirika wake Support.com milioni 10. Fundi yeyote, awe Kariakoo, Nairobi au Minneapolis, akikwambia kuna virusi, mwombe akuonyeshe jina la kirusi na faili kilimokutwa.

“Mac haiingii virusi”

Mei 2011 ilikuja MacDefender, antivairasi bandia iliyotengenezwa kwa ajili ya Mac. Aprili 2012 Flashback ilikuwa imeingia kwenye Mac zaidi ya 600,000 kupitia upenyo wa Java. Virusi vya Mac ni vichache kuliko vya Windows, basi.

“Antivairasi mbili ni bora kuliko moja, na ya kulipia ndiyo ya kweli”

Mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hugombana na kuifanya kompyuta kuwa nzito. Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012 inakuja na antivairasi yake, Defender, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha mradi masasisho yanaingia. Hapo ndipo penye tatizo la sasa: Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025.

Kibaya zaidi ni antivairasi ya kulipia iliyovunjwa leseni, ile unayowekewa na flashi ya fundi. Ili ifanye kazi huambiwa kwanza uzime ulinzi uliopo. Soma tena barua ya Klez.

“Nimeshaifuta, yameisha”

Kama uliishia kulipa, kufuta programu hakuirudishi kadi yako. Ipigie benki leo, izuie kadi hiyo na upinge malipo. Kama mtu aliingia kutoka mbali, itoe kompyuta kwenye intaneti, badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, ukianza na ya barua pepe kwa sababu nyingine zote huwekwa upya kupitia hiyo, kisha uangalie orodha ya programu na kuondoa ile aliyoingilia. Wiki chache baadaye anaweza kupiga tena akisema anataka kukurudishia pesa. Ni mtu yuleyule, au aliyemuuzia namba yako.