Nondo si kiziwi: dhana potofu kuhusu popo na mawindo yake

“Popo ni kipofu, ndiyo maana anatumia sauti.”
Hakuna popo kipofu. Wale wa matunda wanaovamia miembe usiku hutegemea macho na pua, na wengi wao hawatumii mwangwi kabisa, yaani hawapigi sauti na kuisikiliza ikirudi. Baadhi ya hao wa matunda wanaokaa mapangoni hugonga ulimi ili kupata mwangwi. Anayewinda nondo ni popo mla wadudu. Sauti yake hutoka kooni, mara nyingi kati ya kilohezi 20 na 60, nyembamba kupita uwezo wa sikio la binadamu. Nondo akiwa mita 3.4 mbele, mwangwi hurudi baada ya milisekunde 20 hivi. Popo akikaribia kunasa, milio hupita 150 kwa sekunde.

“Nondo hajui kama anawindwa.”
Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Nondo wengi wana masikio. Kwa jamii ya Noctuidae yako kifuani, nyuma ya mbawa: kiwambo chembamba chenye seli mbili tu za kusikia. Kenneth Roeder na Asher Treat walizichunguza nchini Marekani miaka ya 1950. Seli ya kwanza huamshwa na sauti hafifu. Popo bado yuko mbali, pengine mita 30, na mwangwi wa nondo haujamfikia. Nondo hugeuka akaenda zake. Seli ya pili husubiri sauti kali. Ikiamka, adui amefika, na hapo nondo huzunguka ovyo au hufunga mbawa akajiangusha majanini. Uovyo huo ndio unaomwokoa, kwa sababu popo hawezi kukisia atakapokuwa.

Treat aligundua pia utitiri wanaoishi ndani ya masikio haya na kuyaharibu. Wa kwanza akiingia la kulia, wenzake nao hufuata kulekule. Nondo akiwa kiziwi pande zote mbili, ataliwa pamoja nao.

“Masikio ya nondo yaliletwa na popo.”
Ni nusu ya ukweli. Masikio yalizuka mara nyingi katika koo mbalimbali za nondo, na uchunguzi wa jeni uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba baadhi yalitangulia popo wanaowinda kwa mwangwi. Popo waliyanoa. Nondo wa nta, yule anayeharibu masega mizingani, husikia hadi kilohezi 300, juu ya mlio wa popo yeyote anayejulikana.

“Popo akikosa, apaze sauti.”
Akipaza, anajifichua. Barbastella barbastellus wa Ulaya hufanya kinyume: hunong’ona, na nondo humsikia akiwa amebakiza mita 3.5 hivi tu. Njia nyingine ni kupanda juu ya usikivu wa nondo wengi. Cloeotis percivali, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1901 kwa sampuli ya Takaungu, pwani ya Kenya, huita kwa kilohezi 212 hivi, na chakula chake kikuu ni nondo. Zote mbili zina gharama ileile. Mnong’ono haufiki mbali, na sauti nyembamba mno humezwa na hewa upesi, kwa hiyo popo hawa huwinda kwa karibu sana.

“Nondo anayejibu kwa milio anamvuruga popo.”
Wengi wa Arctiinae, kundi la nondo wanaotoa milio, hutoa onyo tu: mimi ni mchungu. Anayevuruga kweli ni Bertholdia trigona wa Arizona, kwa milio inayofika 4,500 kwa sekunde. Katika majaribio yaliyochapishwa 2009, popo ambao hawakuwa wamejifunza kuhusisha milio na uchungu walimkosa tangu mwanzo. Ingekuwa ni kushtuka tu, wangezoea baada ya siku chache; hawakuzoea.

“Asiye na sikio hana kinga.”
Actias luna ana mikia mirefu inayojipinda anaporuka, na mwangwi wake humvuta popo aing’ate badala ya mwili. Bunaea alcinoe, nondo mkubwa wa Afrika, naye hana masikio. Ukimshika nondo, vidole hubaki na unga. Unga huo ni magamba, na ya Bunaea hutetemeka kwa sauti zilezile zinazotumiwa na popo, yakafyonza sehemu yake. Mwangwi unaobaki ni dhaifu, na popo hulazimika kusogea karibu zaidi ndipo amgundue.