Mumias ilikufa kwa kukosa miwa

Nimeisikia tena wiki hii, na safari hii imetoka kwa mtu aliyesomea uchumi: Mumias, kiwanda chetu cha sukari kule Kakamega, iliuawa na sukari ya magendo, serikali ifunge mpaka na kutia pesa, kiwanda kitanguruma. Kwenye matanga, kwenye redio, kwenye makundi ya WhatsApp, maneno ni yale yale. Nimekula mkate wa miwa miaka mingi, upande wa mashamba na si wa mauzo, kwa hivyo mniruhusu nikasirike kidogo.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayorukwa kila mara. Kenya ilipata kinga dhidi ya sukari ya nchi za COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tulipewa kwa masharti: tupunguze gharama, serikali ijiondoe viwandani, mkulima alipwe kwa utamu wa muwa badala ya uzito. Masharti yakasuasua, kinga ikawa inaongezwa muda kila inapokaribia kwisha, kwa zaidi ya miaka ishirini. Sukari inayotoka nje ya jumuiya zetu za kibiashara inatozwa ushuru wa asilimia 100. Kama ukuta ungekuwa dawa, tungekuwa tumepona kitambo.

Hapo ndipo mtu hunitajia 2017. Kweli, serikali iliondoa ushuru mwaka huo wa uchaguzi na karibu tani milioni 1 za sukari zikaingia, karibu mara tatu ya mwaka uliotangulia. Lakini kwa nini ushuru uliondolewa? Kwa sababu ukame ulikuwa umeimaliza miwa na bei ya dukani inapiga kura. Mumias nayo ilikuwa imeshapewa shilingi bilioni 1 ya kuokolewa mwaka 2015. Sukari ya 2017 haiwezi kuwa imeangusha kiwanda kilichokuwa chini tangu 2015. Magendo yapo, siyakatai, na yanamuumiza anayesaga kihalali. Ila yalimkuta mgonjwa kitandani.

Sasa hesabu, na tafadhali usiiruke. Mumias ya enzi zake ilikuwa na uwezo wa kusaga zaidi ya tani 8,000 za miwa kwa siku. Ekari ya mkulima wa kawaida wa Magharibi, ikipaliliwa na kuwekwa mbolea, tuseme inatoa tani 25. Gawanya: ekari 320 kila siku. Kwa siku 300 za kusaga, ekari 96,000. Na kwa kuwa miwa yetu inahitaji kama miezi 18 kukomaa, unatakiwa uwe na takriban ekari 144,000 zenye miwa ardhini wakati wote, ya kila rika. Shamba la kiwanda chenyewe halifiki hata karibu. Zilizobaki ni za watu wenye ekari mbili tatu, wanaowagawia wana wao, wanaohitaji pia mahindi na karo. Ukiacha kupanda leo, utaijua njaa mwaka kesho kutwa, wakati waziri aliyekuwapo ameshahamishwa.

Na hapa ndipo ninapokerwa hasa, kwenye hii habari ya "wizi wa miwa". Utaratibu wa zamani ulikuwa hivi: kiwanda kinamlimia mkulima, kinampa mbegu na mbolea, kinamvunia na kumsafirishia, kisha kinakata gharama zake siku ya malipo. Halafu vikaja viwanda vingine jirani ambavyo havikuwa vimepanda miwa ya kuvitosha. Lori linasimama usiku kando ya shamba, mkulima anapewa pesa taslimu bila makato. Wakubwa wa viwanda wanamwita mwizi. Mimi nimekaa na wakulima hao. Mtu amevuna, amesubiri malipo mwaka mzima, akiletewa karatasi anakuta makato yamekula karibu yote, mengine ya mbolea ambayo hakuiona. Wewe ungemsubiri nani?

Lakini msikilize na mwenye kiwanda. Shilingi aliyoizika kwenye shamba lile imevunwa na mwenzake. Msimu ujao hakopeshi ekari nyingi hivyo, na msimu unaofuata anapunguza tena. Miwa ikiadimika, kila mtu anakimbilia kukata kabla mwingine hajafika, na inakatwa ikiwa na miezi kumi. Muwa mchanga una maji mengi na utamu kidogo. Miwa iliyokomaa hutoa tani moja ya sukari kwa tani kumi au kumi na moja. Mchanga unaweza kudai kumi na nne. Mitambo ni ile ile, mishahara ni ile ile, sukari imepungua. Hakuna magendo hapo. Tumejipora wenyewe kwa wenyewe.

Basi mwaga pesa. Zinaenda wapi? Malimbikizo ya mishahara, malimbikizo ya wakulima, wauzaji wa vipuri, matengenezo ya boila. Yote ni madeni halali, hasa ya wakulima. Lakini hakuna hata shina moja la muwa lililoongezeka, na mitambo iliyokarabatiwa inawashwa, inasaga wiki kadhaa, inazimwa. Benki ya KCB iliiweka Mumias chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni, Septemba 2019, baada ya hizo hundi zote. Hundi kubwa hupigwa picha. Kitalu cha mbegu bora za miwa hakina utepe wa kukatwa. Ndiyo maana kila uchaguzi tunapewa hundi. Mambo yalipofika kortini baada ya Sarrai Group kukodishiwa kiwanda, tukaambiwa na Rais Ruto Agosti 2023 kwamba kwa wanaoleta kesi "mambo ni matatu": wahame nchi, waende jela au waende mbinguni. Watu walishangilia. Hakuna aliyeuliza ekari ngapi zimepandwa.

Mwaka huo huo lilifanyika jambo ambalo halikushangiliwa: viwanda viliamriwa kusimama kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Uzalishaji wa 2023 ulikuwa chini ya tani 500,000. Wa 2024 ulipita tani 800,000. Mpaka ulikuwa pale pale. Wenzangu wanapenda kusema ni kule kusimama peke yake. Mvua ilinyesha vizuri pia, na mbolea ya ruzuku iliwafikia wakulima, na anayekugawia sifa hizo kwa asilimia anakudanganya. Tena Julai 2025 viwanda vya Magharibi ya chini vikasimamishwa upya kwa kukosa miwa iliyokomaa, kwa hivyo tusijisifu.

Sasa tuna sheria mpya ya sukari ya 2024, tozo ya asilimia 4 ya sukari imerudi, na viwanda vinne vya serikali, yaani Nzoia, Chemelil, SONY (South Nyanza) na Muhoroni, vimekodishwa kwa miaka 30. Nafuu moja: mwenye mkataba wa miaka 30 ana sababu ya kupanda. Kwa kukodisha, mimi sina ugomvi.

Kinachoninyima usingizi ni kanda. Kwa muda mrefu nimetetea kwamba kila kiwanda kiwe na eneo lake na miwa isivuke, kwa sababu bila hilo hakuna atakayekopesha mkulima. Kitaalamu naona ni sawa. Lakini mkulima wa Butere aliniuliza: nikifungiwa na mnunuzi mmoja, halafu akaacha kunilipa, mlango wangu uko wapi? Kulipa kwa utamu nako ni hivyo hivyo: ni haki kabisa kwenye karatasi, ila maabara ni ya kiwanda na kipimo anakisoma mwenye kiwanda. Nilimjibu kwamba kanda ziende pamoja na malipo ndani ya siku zilizowekwa, na kiwanda kikichelewa, kanda ifunguke yenyewe bila kwenda kortini. Akacheka. Akaniuliza ni nani atakayehesabu hizo siku.