Kidirisha kinachojificha nyuma ya Chrome

Ofisi ni ya wakala wa forodha, ghorofa ya pili, si mbali na bandari ya Kilindini. Watu wanne, kompyuta tatu, skana moja. Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo: hati za shehena zikishapigwa skani, skripti (programu fupi) ya PowerShell, lugha ya amri ya Windows, izikusanye kila nusu saa, iulize kama izihamishe kwenye folda ya mteja, na karani akibonyeza Yes izihamishe. Niliijaribu mara kumi hivi, na kila mara kidirisha cha swali kikatokea mbele. Nikapokea changu, nikaenda zangu.

Kesho yake saa tisa alasiri, simu.

"Mwanangu, mashine yako hii tangu asubuhi haijahamisha hata karatasi moja."

"Haijakuuliza kitu, mama?"

"Iniulize wapi? Mimi sijaona kitu."

Karani huyu ni mama wa makamo, kazi ya forodha aliianza enzi za taipureta. Nilipofika nikayashusha madirisha yake moja moja: Chrome, Excel, Outlook. Chini yao wote, kidirisha changu kimekaa kinangoja jibu tangu saa tatu unusu.

Wengi wakikutana na jambo hili hudhani ni hitilafu. Siyo, Windows imefanya makusudi. Zama za Windows 95 programu yoyote iliweza kujirusha mbele itakapo, hata kama uko katikati ya neno. Kuanzia Windows 98 na Windows 2000 Microsoft ikauziba mwanya huo. Tangu hapo haki ya kuja mbele hupewa programu iliyo mbele tayari, au iliyoanzishwa na hiyo iliyo mbele, au iliyopokea mguso wa mwisho wa mtumiaji, na sababu nyingine chache za aina hiyo. Isiyo na haki ikiomba, kitufe chake kwenye upau wa chini humetameta tu, basi. Muda wa katazo hilo umeandikwa kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, kwa jina la ForegroundLockTimeout, kwa kawaida 200000. Hizo ni milisekunde, yaani sekunde 200 tangu mtu aguse kibodi au kipanya.

Na hapo ndipo majaribio yangu yaliponidanganya. Nilipokuwa najaribu, mimi mwenyewe ndiye niliyeibofya skripti mara mbili. Programu iliyoianzisha ilikuwa mbele, nayo skripti ikairithi haki yake. Ofisini iliamshwa na Task Scheduler, mpanga ratiba wa Windows, huku mama anajaza fomu ndani ya Chrome. Skripti ile ile, haki tofauti. Siku hizi sijaribu tena kwa kubofya. Naipangia ianze baada ya dakika mbili, nafungua Word, naandika upuuzi wowote mpaka dakika ifike.

Sasa, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nami niliyachanganya pia. Dirisha kuwa juu ya mengine ni jambo moja. Dirisha kushika fokasi, yaani herufi unazoandika ziingie humo, ni jambo jingine kabisa. Anayejua nyumba za Mji wa Kale ataelewa haraka. Mgeni aliyeketi barazani kila apitaye anamwona, lakini bado hajaingia ukumbini. Aingie mpaka apige hodi na aitikiwe karibu.

Mimi siku ile nilikuwa na hasira na Windows, nikamwingiza mgeni kwa nguvu. Kuna ujanja unaozunguka miaka mingi: skripti inajifanya imebonyeza kitufe cha Alt, mfumo unadhani ni mtumiaji kagusa kibodi, unafungua mlango. Ukafanya kazi vizuri mno. Siku ya tatu mama alikuwa anaandika nambari ya kontena, macho yako kwenye karatasi, akamaliza kwa Enter. Katika nusu sekunde hiyo kidirisha changu kilikuwa kimeshanyakua fokasi, na Enter ikaangukia Yes. Hati za mteja mmoja zikahamia folda ya mwingine. Nilizipanga upya mpaka adhana ya magharibi, na sikulipisha kitu. Ningeanzia wapi?

Kwa hiyo ninachotaka sasa ni kidirisha kiwe juu, kionekane, ila kisimpokonye mtu kibodi. Na hata kikipata fokasi kwa bahati, kwa mfano mtu katoka kunywa chai na zile sekunde 200 zikapita, basi kitufe kilichochaguliwa tayari kiwe No. Kwenye PowerShell ni hivi:

Add-Type -AssemblyName System.Windows.Forms
$mwenye = New-Object System.Windows.Forms.Form
$mwenye.TopMost = $true
$jibu = [System.Windows.Forms.MessageBox]::Show($mwenye, "Nizihamishe hati hizi?", "Skani", "YesNo", "Question", "Button2")
$mwenye.Dispose()

Siri iko kwenye $mwenye. Kisanduku cha ujumbe chenyewe hakina mahali pa kuandika TopMost, yaani "kaa juu ya mengine yote", lakini kila kidirisha hufuata cheo cha dirisha linalokimiliki. Kwa hiyo unaunda fomu tupu, huionyeshi kamwe, unaipa TopMost, kisha unaitaja kama mmiliki. Mtoto anapanda juu pamoja na mzazi wake. Njia hiyo hiyo inafaa kwa kidirisha cha kuchagua faili: mpe ShowDialog hiyo $mwenye. "Button2" ndiyo inayoifanya No kuwa chaguo la Enter.

Ila msimbo huu una kasoro moja: unangoja milele. Mama akienda nyumbani, skripti inakesha. Kwa hiyo pale ofisini hatimaye niliweka huu:

$jibu = (New-Object -ComObject WScript.Shell).Popup("Nizihamishe hati hizi?", 60, "Skani", 4356)

Nambari 4356 si ya kubahatisha. Ni jumla ya 4 ya kuweka Yes na No, 256 ya kukifanya kitufe cha pili kiwe chaguo la mwanzo, na 4096 ya kukiweka kidirisha juu ya vyote. Hiyo 60 ni sekunde. Zikipita bila jibu unarudishiwa -1, Yes ni 6, No ni 7. Mimi nahamisha faili pale tu jibu linapokuwa 6. Lolote jingine, hati zinabaki zilipo zingoje nusu saa ijayo. Wazee wenzangu wa VBScript, lugha ya zamani ya skripti za Windows, wataitambua 4096 kwa jina la vbSystemModal. Inafanya kazi huko pia, lakini Microsoft ilitangaza mwaka 2023 kwamba VBScript inaondolewa taratibu, basi usianzie kazi mpya hapo.

Wa Python na tkinter, maktaba yake ya madirisha: unda root, yaani dirisha kuu, iite withdraw ili isionekane, weka root.attributes("-topmost", True), kisha askyesno uipe parent=root na default="no". Fikra ni ile ile ya mmiliki asiyeonekana. Utakutana na watu wanaopendekeza focus_force, yaani kushika fokasi kwa nguvu. Jina lenyewe limeshakwambia tabia yake.

Na ikiwa umeshusha madirisha yote na kidirisha hakipo hata chini, usihangaike na TopMost. Fungua Task Scheduler, tazama kazi yako, kwenye ukurasa wa kwanza kuna chaguo la kuendesha skripti hata kama mtumiaji hajaingia kwenye akaunti yake. Likiwa limechaguliwa, skripti inaendeshwa kwenye kikao namba 0, ambacho tangu Windows Vista kimetengwa na skrini ya mtu. Kidirisha kinafunguka kweli, ila mahali ambapo hakuna jicho litakalokiona wala mkono utakaokibonyeza. Rudisha chaguo la kuendesha mtumiaji akiwa ameingia tu. Pale ofisini nililikuta limewekwa kwenye kompyuta moja kati ya tatu, nikauliza kwa ukali nani kalichokonoa. Kumbe ni mimi, siku ile ya kwanza.