Mbuna wako amegoma kula? Maswali na majibu

Mbuna ni samaki wadogo wa rangi kali wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, na siku hizi wanafugwa kwenye matangi ya vioo duniani kote. Wana ulafi wa ajabu, kwa hiyo mmoja akisusa chakula, mwenye tangi hupata wasiwasi mara moja.

Hajala tangu jana. Nianze na dawa gani?

Usianze na dawa. Samaki mkubwa aliyekuwa akila vizuri anaweza kumaliza wiki bila chakula na asidhurike, hivyo muda wa kuchunguza unao. Pima maji kwanza: amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zote zinatakiwa kuwa sifuri. Mbuna wanataka pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) ya 7.8 hadi 8.6, na mtego uko hapo, maana pH ikipanda, amonia ile ile inazidi kuwa sumu na kuunguza matamvua. Huna vipimo? Badilisha robo ya maji leo na robo nyingine kesho. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini kwanza.

Mbona maji yangu yanang'aa?

Amonia haina rangi. Jiulize umefanya nini wiki hii. Kama umeosha sponji ya chujio chini ya bomba, umeua bakteria waliokuwa wakisafisha maji. Sponji huoshwa kwenye ndoo ya maji yaliyochotwa tangini humo humo. Tangi jipya nalo huchukua kama wiki 4 hadi 6 kabla bakteria hao hawajatosha, na wengi hujaza samaki siku ya kwanza.

Wenzake wanakula, ni jike mmoja tu anayekataa.

Mtazame chini ya kidevu. Kama pametuna, na anatafunatafuna hali hana chakula mdomoni, huyo si mgonjwa, analea. Jike la mbuna hubeba mayai mdomoni, kisha vifaranga, kwa takriban wiki 3, na muda huo hali au hudonoa kidogo sana. Usimkimbize na wavu, atatema mayai au atayameza.

Ila aliyejibanza pembeni juu, mapezi yamechanika, huyo anaonewa. Ongeza mawe ya kujificha na uyapange upya ili dume mbabe apoteze mipaka yake.

Tumbo limevimba na kinyesi ni cheupe kama uzi.

Hapa sasa harakisha. Mbuna wengi kwao hukwangua mwani juu ya mawe, na utumbo wao ni mrefu, wa kusaga majani. Ukiwalisha moyo wa ng'ombe au minyoo wekundu kila siku, tumbo huharibika, na vimelea vya utumboni mara nyingi huhusishwa na ugonjwa huu. Kinyesi cheupe peke yake hakitoshi, kwa sababu samaki mwenye njaa hutoa ute mtupu. Kikija pamoja na uvimbe na kupumua harakaharaka, mhamishie tangi la peke yake.

Dawa inayotumika sana ni metronidazole, ambayo madukani wengi wanaijua kama Flagyl. Kipimo cha kawaida ni miligramu 200 kwa lita 30 za maji, kila siku kwa siku 3, ukibadilisha robo ya maji kabla ya kila dozi. Ponda kidonge hadi kiwe unga, ukoroge kwenye maji ya uvuguvugu, na utoe mkaa kwenye chujio, la sivyo mkaa huo utainyonya dawa yote. Mshirikishe daktari wa mifugo kabla ya kununua. Mabaki ya antibayotiki za nyumbani yaache kabatini. Magamba yakishasimama wima, nafasi ya kupona ni ndogo sana.

Akirudi kula nimpe nini?

Chakula cha spirulina (aina ya mwani), mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, au njegere iliyochemshwa na kumenywa. Kiwe cha kuisha ndani ya dakika 2. Kinachobaki kitoe, maana kikioza kinarudisha amonia.

Mimi naweza kuambukizwa?

Vimelea vya tumbo la mbuna, hapana. Lakini kuna bakteria wa maji aitwaye Mycobacterium marinum, ndugu wa yule wa kifua kikuu, anayeingilia kwenye kidonda na kuleta vinundu vya ngozi visivyopona upesi. Ukiwa na mkwaruzo, vaa glavu. Na ule mpira wa kunyonyea maji usiuvute kwa mdomo.